Harufu ya Ndizi Mbivu na Ndevu za Simiyu

Nyuma ya jiko letu kulikuwa na shimo la kuivishia ndizi. Mama alilitandika majani makavu ya mgomba, akapanga ndizi mbichi, akafunika kwa majani mengine na udongo juu, halafu akatuambia sisi watoto kwamba hapo hakuna kitu. Hakuna kitu, na ukipita hapo siku ya tatu harufu inakushika shati! Mimi nilikuwa mwizi wa shimo hilo. Nilichimba pembeni kwa kijiko, nikaingiza mkono mpaka kwapani, nikatoa moja, nikarudisha udongo vizuri kama mtu anayezika. Mama hakutafuta alama za kijiko. Alitupanga mstari mbele ya mlango, akainama mbele ya kila mtoto, akasema, "Pumua." Unampumulia usoni, basi, kesi imeisha. Nilichapwa mara mbili. Mara ya tatu nikatumia akili: nikaenda kwenye kikopo cha ugoro cha nyanya yangu, nikavuta puani na mwingine nikaweka chini ya ulimi, nikapiga chafya mpaka nikaona nyota mchana. Mama aliponiambia nipumue, alirudi nyuma hatua mbili. Siku hiyo sikuchapwa kwa ndizi, nilichapwa kwa ugoro. Lakini ugoro wenyewe sikuuacha. Nilikua nao, nikaoa nao, na nilipofika umri wa kuitwa mzee pua yangu ilikuwa imekufa kabisa. Maharagwe yaliungua jikoni nami nimekaa hapo hapo nikiongea, mpaka mke wangu atoke shambani akimbie kuyaepua. Watu walidhani ni uvivu. Haukuwa uvivu, sikusikia harufu yoyote, na sikumwambia mtu, kwa sababu mtu ataanzaje kusema kitu kama hicho?

Nimeanza na ndizi kwa sababu sijui pa kuanzia pengine. Mwezi uliopita tulimzika Mzee Nyongesa kule Matulo, na kwetu siku ya tatu baada ya kuzika watu wa ile nyumba hunyolewa. Nilibaki mpaka siku hiyo, ingawa mimi si wa nyumba ile na kichwa changu hakina nywele za kunyolewa tena. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ua, nikapewa chai na mandazi, nikawa naangalia njia. Kijana mmoja wa pale aliniuliza, "Babu, kuna mtu unangoja?" Nikamwambia simngoji mtu, naangalia mvua. Hakukuwa na wingu hata moja. Ukweli ni kwamba nilikuwa namngoja Simiyu, mtoto wa kaka yake marehemu, ambaye sijamwona tangu mwaka tuliofanya kazi pamoja Kitale. Nilisema moyoni, ikiwa yuko hai mahali popote, leo atakuja, maana aliyekufa ndiye aliyekuwa na ndevu za Simiyu mkononi mwake. Wembe ulipita kwa vichwa vyote, nywele zikafagiliwa, watu wakaanza kukunja hema. Njia ilikuwa na mbuzi tu. Nikarudi nyumbani na mambo ya mwaka ule yakaanza kunizunguka, na mpaka leo hayajapangika kichwani. Shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo nitayaweka vile yanavyokuja.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili, na mimi si kijana tena, lakini bado nina nguvu. Simiyu alikuwa bakoki yangu, maana yake tulitahiriwa msimu mmoja, tukakaa chumba kimoja mpaka vidonda vikapona. Mtu na bakoki yake wanaweza kutukanana mbele ya wakwe na hakuna wa kukasirika, lakini hawadanganyani. Hilo liwekeni kando, nitalirudia. Tulifanya kazi kwenye ghala moja kubwa la mahindi, la mtu binafsi, na sitalitaja jina. Ndani magunia yalipangwa kama mlima wenye kona nne, marefu kuliko nyumba ya ghorofa moja. Wengi walikuwa wabebaji, watu wa mgongo, leo wanaitwa kesho hawaitwi. Sisi watatu, mimi na Simiyu na mwingine anaitwa Barasa, tulikuwa watu wa dawa. Kazi yetu ilikuwa kufunika mlima na maturubai, kuweka vidonge vya kuua dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, kwenye sahani chini ya turubai, halafu kuzungusha pembeni nyoka wa mchanga. Hao nyoka ni mifuko mirefu ya kitambaa iliyojaa mchanga, inalazwa juu ya ukingo wa turubai ili gesi isitoke. Kidonge kikipata unyevu wa hewa kinatoa gesi, na gesi hiyo haichagui kati ya dumuzi na mtu. Mtu wa dawa aliajiriwa mwaka mzima na alipewa pakiti ya maziwa kila siku ya dawa, kwa sababu tuliamini maziwa yanafagia kifua. Simiyu hakuwa na pengine pa kwenda. Bega lake lilivunjika zamani akibeba magunia, likaungwa vibaya, na mkono wa kushoto haukupita usawa wa sikio. Kwake ilikuwa dawa au kurudi nyumbani, na nyumbani mlango ulikuwa umefungwa. Nitaeleza.

Tulikodi chumba kimoja mtaa wa Tuwani, cha mabati, vitanda viwili na kamba ya nguo katikati. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba niliyojenga mwenyewe. Stovu ya mafuta ya taa ilikuwa kwenye kona, juu yake sufuria moja ya ugali na nyingine ya mboga, na Simiyu ndiye aliyepika, kwa sababu nilikuwa naunguza. Alipika mrenda na kunde na magadi kidogo, ule unaovutika kutoka sahani mpaka mdomoni bila kukatika, na Jumapili matumbo. Nilikuwa nimemsimulia habari ya shimo la mama, akaipenda sana. Akirudi akute kipande cha nyama kimepungua kwenye sufuria, ananisimamia mbele na mwiko mkononi. "Pumua!" Nampumulia. "Ugoro mtupu. Wewe bana, hata shetani hawezi kujua ulikula nini." Tunacheka mpaka jirani, mama muuza mboga, anagonga mabati. "Nyinyi wazee, si mlale kama watu!" Na ilikuwa saa moja tu, hata jua halijazama sawasawa.

Mwaka ule akaja Madam Wambui. Alikuwa mtoto wa watu waliotoka kule Mkoa wa Kati wakanunua shamba huku Trans-Nzoia zamani, kwa hivyo alizaliwa hapa hapa na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, ila alisoma mambo ya usalama kazini. Alikuta tukifanya dawa na vitambaa vilivyoloweshwa maji, tumefunga puani kama wezi wa ng'ombe. Alishika kichwa. Baada ya wiki mbili akaleta maski za mpira, zile za kufunika uso nusu, zenye mkebe wa chujio mbele. Siku hizi mtoto mdogo anajua barakoa. Sisi tulikuwa hatujawahi kuona kitu kama hicho, na Barasa alipovaa alisema, "Sasa nimefanana na nguruwe wa mchungaji." Madam akasema kuvaa hakutoshi, lazima maski ipimwe kama inakaa kwenye uso. Na hapo ndipo ndizi ziliponifuata kutoka utotoni.

Alikuwa na kichupa cha maji fulani ambayo, ukifungua, yananuka ndizi mbivu. Hayana ndizi ndani, yalitengenezwa na watu, lakini Simiyu aliapa ni shimo la mama yangu kabisa. Kwanza anakunusisha kichupa bila maski ajue kama pua yako inafanya kazi. Halafu unavaa maski, anakufunika kichwa na mfuko mkubwa wa nailoni uliotundikwa kwenye dari, anaingiza kitambaa chenye yale maji, anakuambia pumua kwa nguvu, geuza kichwa kulia, kushoto, inama, ongea. Ukisikia ndizi, maski inavuja. Usiposikia, inakaa. Barasa alitangulia. Alinusa kichupa akasema, "Ndizi hiyo, Madam." Mimi nilikuwa nyuma yake. Madam akanisogezea kichupa. Sikusikia kitu. Ilikuwa kama kunusa mlango. Nikasema, "Ndizi hiyo, Madam." Nikavaa maski, nikaingia mfukoni, nikageuza kichwa, nikainama, nikahesabu mpaka ishirini kama alivyotaka. "Unasikia?" "Sisikii." Akaandika nimepita vizuri sana, akaniambia niwe mfano kwa wenzangu. Mpaka leo sijui kama maski yangu ilikaa au ilivuja kama kapu. Nilikuwa naumwa kichwa siku za dawa, lakini nilikuwa naumwa kichwa pia siku za mazishi na siku za mvua, kwa hivyo nitajuaje?

Simiyu aliingia wa mwisho. Hata kabla Madam hajaleta kitambaa karibu, alitoa mkono nje ya mfuko akaupunga. "Madam, toa! Umeniwekea mkungu mzima humu!" Watu wakacheka. Madam hakucheka. Alimvua mfuko, akamshika kidevu kama daktari. Simiyu alikuwa na ndevu nyingi, nyeusi, za kushuka shingoni. "Hizi ndizo zinafungulia gesi mlango," akasema. "Mpira haukai juu ya nywele. Hata ndevu za siku mbili tatu zinaacha njia. Nenda unyoe, kesho tupime tena." Simiyu akasema, "Siwezi, Madam." "Huwezi au hutaki?" "Siwezi." Barasa akadakia, "Madam, huyo akinyoa utaona hana kidevu, utamhurumia." Lakini Simiyu hakucheka, na mimi nikaangalia chini, kwa sababu nilijua.

Baba yake alikuwa amekufa miezi michache kabla ya hapo. Alilazwa Lugulu kwenye hospitali ya misheni, na ujumbe ulipofika Kitale sisi tulikuwa katikati ya mlima mkubwa, turubai nusu limefunikwa, na msimamizi wa zamani alisema hakuna mtu wa dawa anayetoka mpaka kazi iishe. Simiyu alitii. Alipofika Lugulu alikuta kitanda kimetandikwa shuka safi. Baba alikuwa amemwita jina siku mbili, anauliza ameshafika wapi. Aliyekuwa hapo kusikia ni Mzee Nyongesa, mdogo wa marehemu. Siku ya kunyoa ilipofika, katika nyumba ile, baba akifa mwenye kumshikia mtoto wa kwanza wembe ni mdogo wa marehemu, hakuna mwingine, wala mtu hajinyoi mwenyewe. Mzee Nyongesa aliwanyoa wote, wadogo kwa wakubwa, akamfikia Simiyu, akafunga wembe kwenye karatasi. "Wewe hukuja kumwona," akasema. "Sijui nikunyoe kama nani." Akaingia ndani. Tangu hapo Simiyu alibaki na msiba usoni. Nywele za kichwa angalau alizificha kwa kofia, lakini ndevu zilimwambia kila mtu wa kwetu aliyepita kwamba huyu hajatolewa matanga. Alirudi Matulo mara tatu kuomba. Kila alipoingia kwa lango la mbele, mzee alitoka kwa nyuma, kwenye migomba.

Nilimweleza Madam kando, karibu na mizani ya malori. Alisikiliza mpaka mwisho, na aliumia, niliona. Halafu akasema, "Mzee Wekesa, gesi haijui hizi ni ndevu za matanga au za urembo. Akifa humo ndani, huyo baba yake mdogo atamnyoa akiwa maiti?" Maneno yake yalikuwa ya kweli na ya Mzee Nyongesa nayo niliyaona ya kweli, na mimi katikati kama gunia lisilo na mwenyewe.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Wazo lilikuwa la Barasa lakini mkono ulikuwa wangu. Alisema, ikiwa shida ni hewa kupita kwenye nywele, si tuzibe nywele? Tukanunua kopo la mafuta mazito ya kujipaka, yale ya watoto, na kila asubuhi ya dawa nilimkalisha Simiyu kwenye kitanda nikampaka ndevu mpaka zikalala kama udongo wa kukandikia, halafu nikambana maski juu. Ilishika! Akaenda kupimwa, Madam akaona ndevu zinang'aa, akauliza ni nini, Simiyu akasema ni baridi ya Kitale inapasua ngozi. Akaingia mfukoni, akageuza kichwa, akainama. "Unasikia?" "Sisikii, Madam." Madam aliziangalia zile ndevu tena, akaandika. Tukirudi Tuwani nikamuuliza, "Kweli hukusikia?" Akasema, "Nilisikia kidogo tu. Kama ndizi za nyumba ya jirani." Tulicheka pia kwa hilo. Sijui kwa nini tulicheka sana mwaka ule.

Ilikuwa asubuhi yenye joto, tuko juu ya mlima wa magunia, mabati ya paa karibu na kichwa. Tulikuwa tunaongeza vidonge. Jasho lilikuja na mafuta yakayeyuka. Niliona maski ya Simiyu inateleza, inashuka kidogo upande wa kushoto, akawa anairudisha kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto haupandi. Halafu akakaa. Nilidhani amechoka. Akasema kitu ndani ya maski, sikuelewa, akavua, akasema, "Kitunguu saumu. Nasikia kitunguu saumu," na hiyo ndiyo harufu ya ile gesi, tuliambiwa siku ya kwanza. Mimi sikusikia chochote, bila shaka. Tulimshusha kama gunia, mimi na Barasa, tukamlaza nje kwenye nyasi, akatapika maziwa yote. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Madam alikuja mbio, akainua maski iliyoanguka, akapitisha kidole ndani ya mpira, kidole kikatoka kinang'aa. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliniuliza mimi, si yeye, "Mzee, ulikuwa unampaka wewe?" Baada ya zahanati, ambako walimweka mpaka jioni, akasema mbele yetu sote, "Nampa siku chache apumzike. Jumatatu aje amenyoa, apimwe. Asiponyoa, asije. Sitaki kumpelekea mtu maiti."

Basi siku ya pili nikaenda Matulo mwenyewe. Nilimkuta Mzee Nyongesa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi kwenye gunia lililotandazwa. Aliniletea kiti, akamwita binti alete chai na viazi vitamu. Hakuniuliza nimekuja kwa nini, akanisimulia ng'ombe aliyekataa kushika mimba, akanisimulia sana, hatua kwa hatua, na mimi nakubali tu. Mwishowe nikamwambia, "Mzee, Simiyu nusura afe jana. Ni hizo ndevu." Nikamweleza maski, gesi, mafuta, kitunguu saumu. Mikono yake iliacha kupukuchua. Aliingia ndani, akatoka na kikopo cha majani ya chai, akafungua, akatoa karatasi, akaikunjua, na ndani kulikuwa na wembe. Ulikuwa bado mpya. Aliutazama, nikasema moyoni sasa anavaa koti tunaenda. Akaukunja tena, akaurudisha ndani ya kikopo, akafunga. "Kaka yangu alimwita siku mbili," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa namjibu, ati yuko njiani. Nilimdanganya mtu anayekufa kwa sababu ya huyo kijana." Nikasema, "Alizuiwa kazini, mzee." "Nimesikia. Ngoja nifikilie." Nikamuuliza, "Nimwambie nini?" Akasema, "Mwambie nafikilia." Akarudi kwenye mahindi yake.

Njia nzima nikawa nageuza lile neno. Anafikiria. Hiyo ni ndiyo, au hapana? Mtu anafikiria kwa muda gani? Jumatatu ilikuwa siku nne tu. Nikimwambia Simiyu kwamba mzee anafikiria, nilijua atafanya nini: atangoja. Angengoja na mafuta usoni, au angengoja bila kazi, na bega lile. Nilifika Tuwani jua bado liko juu. Alikuwa amekaa kitandani, mwembamba, anakunywa uji bila sukari. Hakusema karibu. Alisema, "Amesema nini?" Na mimi, bakoki yake, nikasema, "Amesema nikunyoe mimi. Miguu inamsumbua, hawezi safari. Amesema mkono wangu ni mkono wake."

Hata sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, yamevaa koti kabisa. Simiyu aliweka kikombe chini. Akaniuliza, "Alisema mkono wako ni mkono wake?" Nikasema ndiyo. Akafunika uso na kanga aliyotuazima mama muuza mboga, iliyokuwa kwenye kamba, akalia kama mtoto, mabega juu chini, moja juu kuliko jingine. Nilienda dukani nikanunua wembe. Nikampasha maji. Nilinyoa kichwa kwanza, halafu ndevu, polepole, na chini yake nikamkuta mtu niliyemsahau, kijana wa ule msimu wetu, mwenye kovu dogo kwenye kidevu. Aliokota nywele zote yeye mwenyewe, akazifunga kwenye gazeti, akasema atazipeleka kuzikwa Matulo. Jioni hiyo alipika kuku. Alikula mpaka akalamba mfupa. Mimi sikula, nikasema ni jino.

Jumatatu aliingia kwenye mfuko wa nailoni, akageuza kichwa, akainama, akahesabu. "Unasikia?" "Sisikii, Madam." Na safari hii ilikuwa kweli. Madam alimpigia makofi. Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyoishi Kitale, na ndiyo inayonichanganya zaidi. Simiyu alinenepa. Alinyoa ndevu kila asubuhi mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa dirishani, akiimba. Alikuwa mtu mwepesi, mtu aliyesamehewa. Je, alisamehewa au hakusamehewa? Moyoni mwake alisamehewa, na kila siku aliyopumua ndani ya ile maski bila ndizi na bila kitunguu, ni mimi niliyempa. Lakini kila aliposema anataka kwenda Matulo kumshukuru mzee na kuzika lile gazeti la nywele, nilitafuta sababu. Ati barabara imeharibika. Ati mzee amesafiri Chwele kuuza ng'ombe. Ati tungoje tuende pamoja. Na huku mimi ndiye niliyepita kwa pua iliyokufa, nami ndiye mfano kwa wenzangu.

Mzee Nyongesa alifikiria miezi minne. Alikuja mchana, tunajiandaa kwa dawa, tumepanga maski kwenye benchi nje ya ghala. Pikapu ya mahindi kutoka Chwele ilisimama langoni, akashuka mtu mwenye koti jeusi na viatu vilivyopakwa rangi. Kwapani ameshika kikopo cha majani ya chai. Simiyu alimwona kabla yangu. Alikimbia, kweli alikimbia, mtu mzima, maski inaning'inia shingoni, akampokea kwa mikono miwili. "Baba! Si ungetuma ujumbe nije kukuchukua! Miguu inaendeleaje?" Mzee akasema, "Miguu yangu ina nini?" Halafu akamwangalia usoni. Aliinua mkono akamgusa shavu, akashuka mpaka kwenye kidevu, kama mtu anayetafuta kitu alichoweka mahali.

"Nimefikilia," mzee akasema. "Nimekuja kukunyoa." Akafungua kikopo amuonyeshe. "Sasa ninyoe nini?"

Simiyu akasema, "Lakini si ulimtuma Wekesa? Si ulisema mkono wake ni mkono wako?"

Mzee alinigeukia. Hakuwa na hasira, hilo ndilo ninalokumbuka sana, alikuwa amechanganyikiwa tu kama mimi. "Mimi nilisema nafikilia," akasema.

Nilisema vitu. Nilisema Jumatatu ilikuwa karibu, nilisema midomo yake ilikuwa na rangi mbaya, nilimwita Madam aje aeleze, Madam akasimama mlangoni mwa ghala na karatasi zake, hajui ni nini. Nilisema ndevu zinaota, bana, wiki chache tu zitakuwa zimerudi, mzee atakaa kwetu Tuwani, atanyoa. Na nilimaanisha. Mpaka leo nauliza, ndevu si zinaota? Kwa nini haikuwezekana kungoja wiki chache? Simiyu alikuja akasimama mbele yangu, karibu mpaka nikaona lile kovu. Akasema, "Pumua."

Nikadhani ni mchezo wetu wa nyama. Nikapumua. Alibaki hapo amefumba macho, anasikiliza pumzi yangu, na najua alisikia ugoro tu. Akafungua macho, akatoa maski shingoni, akaipangusa ndani na nje kwa kitambaa kama Madam alivyotufundisha, akaitundika kwenye msumari wake. Akampita baba yake mdogo bila kumgusa, akapita mizani ya malori, akapita lango. Nilimwita, "Bakoki!" Barasa naye akamwita. Nilijua anaenda kwa maji, au Tuwani kuchukua gazeti lake la nywele, mahali pa karibu tu, kwa sababu hakuharakisha, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia vile vile kama kila siku. Mzee alisimama na kikopo wazi. Simiyu alifika barabarani, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka.